Bakuli la Mchana na Anayelipia Gharama Yake

Kila nyumba ina saa yake ya dhiki. Katika nyumba nyingi za mji wetu wa Mombasa, saa hiyo ni ile iliyo baina ya swala ya alfajiri na kupita kwa matatu za mwanzo. Mtoto anatafuta soksi, baba anatafuta funguo, na mama anatafuta noti na sarafu za kumpa kila mmoja pesa ya kula. Pesa hiyo hutolewa upesi, huingia mfukoni, na mara nyingi hakuna anayeuliza jioni ilikwenda wapi. Ni juu ya pesa hiyo, wasomaji wenzangu, ndipo ninapotaka tutue wiki hii, kwa sababu nimejifunza kuwa chakula cha mchana kina gharama mbili: ile inayoandikwa daftarini, na ile ambayo mtu mmoja wa nyumba huilipa kimya kimya kwa tumbo lake.

Sisi ni watu watano, na makazi yetu ni Kisauni. Mume wangu hupakia mizigo katika ghala moja huko Shimanzi, siku sita kwa wiki. Mimi hufundisha chekechea. Binti yetu mkubwa ana miaka 13, mdogo wake wa kiume ana miaka 9, na kitinda mimba ana miaka 6. Kwa muda mrefu mgao wetu wa mchana ulikuwa hivi: shilingi 150 za baba kwa siku, shilingi 50 kwa kila mtoto, na shilingi 100 zangu. Kwa wiki, baba alipata 900, watoto watatu 750, na mimi 500. Jumla ni shilingi 2,150. Si fedha nyingi kwa mtu mwenye nacho, lakini kwa nyumba ambayo mapato yake hupanda na kushuka kwa kadiri ya mizigo inayoingia, ni fedha ya kuhesabiwa.

Daftari lilionyesha hesabu hiyo. Lisiloonyesha nililisikia katika kisomo cha hitima, nyumbani kwa jirani. Mke wa mfanyakazi mwenzake mume wangu alinisogelea akanisifia kwa nia njema kabisa. "Mumeo ni mtu wa ibada, mashaallah," alisema. "Wenzake wakienda kula, yeye huonekana msikitini tangu adhuhuri mpaka saa nane." Nilimshukuru kwa maneno yake, nikaendelea kupanga vikombe vya kahawa, na moyo wangu ukawa unafanya hesabu nyingine. Kila jioni mume wangu alikuwa akiingia na pakiti ya maziwa, mkate, na mara nyingine robo ya sukari. Nilipomwuliza kama amekula, jibu lake lilikuwa lile lile: "N'shakula kazini." Shilingi 150 zilizoandikwa kuwa ni chakula chake ndizo zilizokuwa maziwa na mkate wa watoto. Yeye alikuwa akiswali, kisha akilaza ubavu wake msikitini mpaka kazi irudi, na baada ya hapo kubeba magunia mpaka jioni kwa nguvu ya chai ya asubuhi.

Sikumkabili kwa maneno. Mwanamume anayeficha njaa yake kwa ajili ya wanawe ana heshima ya kusitiriwa. Siku iliyofuata nilimtia mkononi bakuli lenye kifuniko, limefungwa kwa kitambaa, nikamwambia, "Hiki kimezidi, Baba, usikirudishe." Jioni alirudisha bakuli likiwa tupu na limeoshwa. Tangu siku hiyo nikaazimia kwamba nyumba yetu itabeba chakula chake, sote watano, kila siku ya kazi na ya shule.

Hapo ndipo lilipokuja swali la namna ya kubeba. Mavyaa wangu, aliyezaliwa Lamu katika nyumba ya mabaharia, alikuwa na jibu ambalo sikulitarajia. Aliniambia nisifikirie chakula cha mchana, nifikirie masurufu. Mtu wa safari, alisema, hachukui anachokipenda zaidi. Huchukua kinachoivumilia njia. Mabaharia wa majahazi walikwenda na tende na ng'onda. Waliokwenda mashambani walichukua muhogo na mikate ya mofa. Hawakuwa na friji, na wala hawakuwa wajinga: waliuacha mchuzi mzito wa nazi nyumbani, ukanywewa mtu akirudi. Nimeipima hekima hiyo kwa muda sasa, na katika joto la pwani hii haijaniangusha.

Adui wa bakuli la mchana ni joto kuliko umaskini. Chakula chenye tui zito huanza kuchacha kabla ya adhuhuri, hasa kikifungwa kikiwa vuguvugu. Wali nao una hatari yake ambayo wengi wetu hatukufundishwa. Mchele huwa na vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa na uvuguvugu kwa saa nyingi, vijidudu hivyo huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto upya. Kwa hiyo wali uliolala juu ya meza usiku kucha si wa kumfungia mtoto. Ama upikwe alfajiri na utiwe ungali moto sana katika hotpoti iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka, ama uachwe uwe chakula cha jioni. Kati ya moto na baridi hakuna salama. Kilicho vuguvugu ndicho cha kuogopwa. Vyakula vikavu, kinyume chake, hupozwa kabisa kwanza kabla ya kufunikwa, kwa sababu mvuke ukinaswa ndani ya bakuli hugeuka maji, na maji hayo huanza kukiharibu chakula.

Kutokana na kanuni hizo wiki yetu ilijipanga wenyewe. Jumatatu huwa mahamri na mbaazi zilizokaushwa mchuzi wake. Tui jepesi hukandia unga na kuungia mbaazi za bakuli, na tui zito huwekwa kando kwa mbaazi za nyumbani. Jumanne ni chapati na maharagwe yaliyokaangwa kwa kitunguu na nyanya mpaka yakashikana, ambayo huweza kukunjwa ndani ya chapati na kuliwa bila kijiko. Jumatano ni viazi karai na yai la kuchemsha lisilomenywa, maana ganda lake ndilo kifuniko kizuri kuliko vyote. Alhamisi ni muhogo uliochemshwa kisha ukakaangwa, pamoja na kunde au karanga za kukaanga, na kipande cha ndimu. Ijumaa, siku ambayo roho hutamani wali, huamka mapema zaidi nikapika wali wa pojo, ukaenda na moto wake. Jumamosi baba huwa peke yake safarini, naye hupewa chapati na kilichopo. Kachumbari haichanganywi na kitu. Hutiwa katika kikopo chake na hutiwa ndimu wakati wa kuliwa.

Liko jambo jingine dogo ambalo akina mama wenye mabinti wanaokua wanapaswa kulijua. Nafaka za kunde, yaani mbaazi, pojo, kunde na maharagwe, zina madini ya chuma ambayo mwili huhitaji kwa ajili ya damu, lakini mwili hauyapokei kwa wepesi. Chungwa, embe, papai au ndimu ikiliwa pamoja nazo husaidia mwili kuyapokea. Chai ikinywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake. Basi nusu ya chungwa katika bakuli la mbaazi si anasa ya mtoto anayedekezwa, na chai ni bora isubiri mpaka muda upite baada ya kula.

Kazi yenyewe, ukiniuliza, iko usiku. Mbaazi na maharagwe hurowekwa tangu asubuhi ili yapikwe jioni kwa makaa machache. Yasiporowekwa hula makaa mengi na subira nyingi. Unga wa mahamri hukandwa baada ya isha ukaachwa uumuke, au mahamri hukaangwa usiku ule ule na kuachwa yapoe juu ya ungo. Viazi huchemshwa pamoja na chakula cha usiku. Ikifika alfajiri kinachobaki ni kukaanga, kukunja na kufunga. Saa ile ya dhiki niliyoitaja mwanzo haikutoweka, lakini imepungua mtafutaji mmoja.

Nilipofanya hesabu ya mwezi wa kwanza, nilikuta chakula cha watu watano kinagharimu kiasi cha shilingi 250 kwa siku, yaani 50 kwa kila mtu. Siku tano ni 1,250, na Jumamosi ya baba 50, jumla 1,300. Na kwa kuwa maziwa na mkate wa jioni bado vilihitajika, nao mume wangu aliendelea kuvinunua kwa zile 900, wiki yetu ikawa ya shilingi 2,200. Tulikuwa tumezidisha shilingi 50 juu ya hesabu ya zamani! Jirani yangu mmoja alicheka aliposikia: "Sasa umeokoa nini?" Nilimwambia kwamba zamani kwa 2,150 walikula watu wanne, na sasa kwa 2,200 tunakula watano. Hakucheka tena. Chakula cha zamani hakikuwa rahisi. Kilionekana rahisi kwa sababu alikuwapo mtu aliyelala msikitini na njaa ili kijazie.

Unafuu wa fedha ulikuja baadaye, na ulikuja kwa njia ya sokoni. Tuliacha kununua mbaazi za kikombe kwa kikombe dukani, ambako kila kikombe kina faida ya mtu mwingine, tukaanza kwenda Kongowea wanawake watatu wa mtaa mmoja, mara moja kwa mwezi. Hununua kwa gunia dogo na kugawana kwa pishi na vibaba kama walivyogawana bibi zetu. Nazi pia hununuliwa kwa pamoja. Kwa utaratibu huo siku yetu imeshuka mpaka kiasi cha shilingi 200, yaani 40 kwa kila mtu. Wiki ni 1,000 na Jumamosi 40, pamoja na 900 za maziwa na mkate ni 1,940. Hiyo ni pungufu ya hesabu ya zamani kwa shilingi 210. Muhula wa wiki 12 hutuachia shilingi 2,520, na tunajua zinapokwenda: muhula uliopita zilikuwa viatu vya shule vya mtoto mmoja na juzuu mpya za madrasa. Bei hupanda na kushuka, na kila nyumba itakuwa na tarakimu zake. Nimeandika zangu ili dada mwenye kipato kama changu asiahidiwe utajiri, kisha akavunjika moyo.

Lakini bakuli halimalizi kazi yake kwa kufungwa. Ni lazima lifunguliwe, na hapo watoto wana neno lao. Wiki ya tatu binti yangu alirudisha chakula siku mbili mfululizo. Shangazi yake alishauri nimkalishe, nimsomee habari za watoto wasio na chochote. Nilipendelea kumwuliza. Alinyamaza sana, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, bakuli lanuka samaki. Nikilifungua, wenzangu hufungua madirisha." Nilikuwa nikimtilia vipande vya samaki wa kukaanga, na samaki aliyefungwa tangu alfajiri katika darasa lenye joto huwatangazia watu wote kuwa yumo. Binti hakuwa na kiburi. Alikuwa na miaka 13, umri ambao aibu ya mbele ya wenzako ni nzito kuliko njaa. Nilimpa karatasi nikamwambia aandike vyakula anavyoweza kuvifungua mbele ya watu bila kuinamisha kichwa. Aliandika viazi karai, chapati, mahamri, yai, kachori, muhogo na karanga. Vyote ni vyakula vyetu, na vyote ni vya bei ndogo. Samaki tukamrudisha kwenye sinia ya jioni anakostahili, na siku ya Jumatano yeye ndiye mpishi wa viazi karai vya nyumba nzima. Tangu hapo wenzake ndio humwomba wabadilishane.

Kijana wangu alikuja na jambo la aina nyingine. Jioni moja aliniambia, "Mama, naomba uniongezee hamri mbili." Nikadhani ni njaa ya kukua, nikaongeza. Kesho yake akaomba na mbaazi zizidishwe, na vijiko viwe viwili. Vijiko ndivyo vilivyonieleza. Sikumwuliza jina la mwenzake, na yeye hakunitajia; nilifurahi kwamba mtoto wa miaka 9 alijua bila kufundishwa kwamba sadaka ina kifuniko chake kama bakuli. Tumefundishwa na Mtume wetu (s.a.w.) kwamba tupikapo mchuzi tuongeze maji yake na tuwakumbuke majirani. Nyumba isiyo na ziada ya nyama ina ziada ya maji, na kibaba cha mbaazi hakiwi tofauti kwa kijiko kimoja zaidi. Baada ya mwezi mmoja hivi mwanangu alirudi na papai bivu ndani ya mfuko wa shule, limefungwa kwa gazeti. "Bibi yake ametupa," alisema, na hapo tu ndipo nilipojua kuwa rafiki huyo analelewa na bibi. Tulilikata vipande, na nusu yake ikaingia katika mabakuli ya kesho, mojawapo likiwa na vijiko viwili.

Ningependa niseme jambo moja kwa akina mama hasa, na wanaume wakilisoma si vibaya. Masurufu ya watu watano yakiachiwa mtu mmoja, tutakuwa tumeiondoa njaa ya baba na kuigeuza uchovu wa mama, na nyumba itabaki na mlipaji wake wa siri. Kwetu kazi imegawanywa. Binti ana Jumatano yake. Kijana hukuna nazi, na mbuzi ya kukunia haijamtoa haya wala kumpunguzia uanaume. Mdogo hukausha mabakuli na kuhesabu vifuniko, ambavyo kama mjuavyo vina tabia ya kupotea. Baba, baada ya swala ya alfajiri, ndiye afungaye vitambaa. Fundo lake ni la mpakiaji wa mizigo, halifunguki njiani.

Dada yangu unayefikiria kuanza, usianze na wiki nzima. Chagua siku mbili, na uchague vyakula viwili vikavu ambavyo mkono wako tayari unavijua. Nunua mabakuli ya kila mtu mara moja, yafungike vizuri, kwa maana bakuli linalovuja huuaibisha mfuko wa vitabu na kumkatisha mtoto tamaa. Kaa na watu wa nyumba yako uwaulize, kila mmoja peke yake, amekula nini jana mchana. Uliza kwa upole, na umpe mtu nafasi ya kujibu bila kutahayari. Pengine jibu litakuwa la kawaida, na hapo utakuwa umepata orodha ya kupikia tu. Na pengine atatokea mmoja ambaye jibu lake ni fupi mno, na macho yake yanatazama kando. Bakuli la huyo lijaze kwanza.

Mwenyezi Mungu azitilie baraka riziki zetu ndogo, na azisitiri nyumba zetu. Amin.